Kutoka Kigoma hadi Tabora: Siku Sita za Kutafuta Mapito ya Wanyama Chini ya Reli

Siku ya kwanza: Kigoma hadi Kazuramimba

Baba yangu alifanya kazi katika gengi la reli kati ya Nguruka na Usinge kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika mengi aliyotusimulia lililonikaa moyoni ni habari ya daraja dogo ambalo wenzake walikuwa wakiliita Daraja la Tembo. Halikuwa na kibao, wala sidhani kama liliandikwa hivyo katika vitabu vya reli. Lilikuwa uwazi tu chini ya tuta, uliojengwa ili maji ya masika yapite, na kiangazi kilipokausha maji hayo tembo walipita humo usiku, wakitoka upande wa Moyowosi, kaskazini, kuelekea upande wa mto Ugalla, kusini. Mwaka huu, kabla ya mvua za vuli, nilichukua likizo yangu ya ualimu, daftari moja na futi ya fundi ya mita tano, nikaenda kulitafuta.

Sikuwa na haraka ya kufika huko, kwa maana nilitaka kuiona reli yote kuanzia mwisho wake. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mnyama yeyote anayetaka kutoka kaskazini kwenda kusini katika nyanda hizi hana budi kuivuka, kwa sababu upande mmoja ni ziwa na upande wa pili reli inaendelea hadi Bahari ya Hindi. Sasa inakuja ya pili. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulisainiwa Desemba 2022, na reli hiyo itafuata kwa sehemu kubwa ukanda huuhuu. Ndiyo maana niliona kwamba kinachofaa kuchunguzwa kichunguzwe sasa.

Kutoka mjini basi lilipita bonde la Luiche, penye mashamba ya michikichi pande zote, na hapo niliwaza juu ya sokwe. Sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwafuatilia Julai 1960, leo ni karibu mia moja tu, na milima yao imezungukwa na mashamba na nyumba. Sokwe walio wengi zaidi wako kusini, ng'ambo ya mto Malagarasi, katika misitu ya Masito na Ugalla. Katika ukoo wa sokwe ni majike wanaohama: binti akishabalehe huacha kundi alilozaliwa na kutafuta kundi jingine, na kwa njia hiyo damu ya kundi moja huchanganyika na ya lingine. Njia ya binti huyo ikizibwa, kundi lililobaki huanza kuzaana lenyewe kwa lenyewe.

Kazuramimba nilipokewa na mlinzi wa msitu wa kijiji, mtu wa makamo, ambaye baada ya salamu alinitembeza hadi kwenye kipande cha msitu kilichobaki kando ya kijito. Nilimuuliza kama reli ndiyo inayowazuia sokwe. Alitafakari kidogo kabla ya kujibu.

“Mwalimu, sokwe haogopi chuma. Anaogopa mahali pasipo na mti wa kukimbilia. Reli hii ataivuka kabla hujamaliza kukohoa, lakini lile shamba la mihogo pale, tangu huku hadi kule, hawezi kulivuka mchana.”

Huko Bossou, nchini Guinea, watafiti waliwaona sokwe wakivuka barabara, madume wakubwa wakitangulia na wengine wakifunga nyuma, majike na watoto wakiwa katikati. Mnyama mwenye akili ya namna hiyo hujifunza kuvuka njia ya treni. Lakini stesheni ilileta nyumba, nyumba zikaleta mashamba, na mashamba yakaenea hadi yakakutana na mashamba ya stesheni iliyofuata. Maneno ya mlinzi huyu niliyaandika juu kabisa ya ukurasa, na kila siku iliyofuata yalikuwa yakinirudia.

Siku ya pili: Uvinza

Uvinza ni mji wa chumvi, na watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nilikuwa nimepata ruhusa ya kutembea kando ya tuta pamoja na watu wa gengi, kwa sharti la kutotoka machoni pao, na tulianza alfajiri wakati kokoto bado zina baridi. Kazi yao ni kukagua mataruma, kukaza nati na kuangalia kama maji yamekula tuta.

Mnyapara, aliyeniita mwanangu tangu aliposikia jina la baba, alinionyesha jambo ambalo nisingeliona peke yangu. Katika kona moja, mahali ambapo mabehewa hutikisika, punje za mahindi zilikuwa zimedondoka katikati ya kokoto, na pembeni yake palikuwa na kinyesi cha nyani, kingi na cha siku tofauti. Mnyama anayefuata nafaka hivi havuki reli, bali hukaa juu yake, na akisikia treni hukimbia mbele yake akifuata njia iliyo wazi badala ya kuteremka kwenye majani. Nchini Kanada, katika hifadhi ya Banff, dubu wameuawa na treni kwa sababu hiyohiyo ya nafaka inayovuja kwenye mabehewa. Dawa ya hili haihitaji daraja: ni kuziba matundu ya mabehewa na kufagia.

Mengine ya siku hiyo hayakuwa mengi. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, na nilihesabu makalavati matano, yote ya bomba lisilozidi mita moja, yanayomfaa nungunungu, kicheche au kobe, lakini si mnyama mkubwa kuliko hao.

Siku ya tatu: Malagarasi

Kutoka Uvinza kuelekea mashariki nchi hulala chini na kuwa tambarare, na mtu huingia katika mojawapo ya ardhioevu kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Bonde la Malagarasi na Moyowosi lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, Aprili 2000, likiwa na ukubwa wa hekta milioni 3.25. Humo wamo nzohe, swala wa matete ambaye kwato zake ndefu humwezesha kutembea juu ya tope, na korongo nyangumi mwenye mdomo mpana kama kiatu. Reli hupita katika ukingo wa dunia hii ya maji juu ya tuta.

Nilikuja nikiwaza wanyama wa miguu minne, lakini wavuvi wawili waliokuwa wakirekebisha nyavu karibu na stesheni walinifundisha habari ya wahamaji wengine. Mvua zikishika, mto hufurika na samaki huuacha mkondo na kuingia mbugani kutaga mayai katika maji ya kina kifupi yenye majani. Kambale hupanda kwa wingi usiku wa mafuriko ya kwanza, na kamongo, aliyekuwa amejizika kwenye tope tangu kiangazi, huamka. Tuta la reli linakata mbuga hiyo, na samaki wana njia moja tu ya kupita, nayo ni makalavati na madaraja madogo.

“Kalavati likiziba,” alisema mkubwa wao, “upande mmoja unavua, upande wa pili unatazama maji matupu. Tena likiwekwa juu kuliko ardhi, samaki mdogo harukii. Maji yanapita, yeye anabaki.”

Nilienda kupima. Katika makalavati manne niliyoyafikia, mawili yalikuwa na sakafu iliyo sawa na ardhi, la tatu lilikuwa limejaa mchanga zaidi ya nusu, na la nne mdomo wake wa kutokea ulikuwa umening'inia kiasi cha mkono mmoja juu ya shimo lililochimbwa na maji yenyewe. Kosa la namna hii halionekani kwenye ramani wala mtu aliye ndani ya treni hawezi kulijua, lakini linamhusu kila mlaji wa samaki kutoka Nguruka hadi Kigoma mjini. Tuta jipya likiwekwa sambamba na la zamani, uwazi wa lile jipya usipolingana na wa hili, maji yatakwama katikati ya matuta mawili na samaki pamoja nayo.

Jioni, nikiwa nimelala katika nyumba ya wageni penye mbu wengi, niliandika kwa kirefu kuhusu wanyama wanaohama katika nchi nyingine. Reli ya Tibet, iliyofunguliwa Julai 2006 kati ya Golmud na Lhasa, ilijengwa pamoja na vivuko 33 vya wanyama, kwa sababu swala majike wa nyanda zile husafiri kila mwaka kwenda kuzaa karibu na ziwa Zhuonai kisha hurudi na watoto wao. Miaka ya mwanzo walikuwa wakifika mbele ya daraja na kusimama muda mrefu kabla ya kuthubutu, na baadaye walizoea. Nchini Mongolia mambo yamekuwa kinyume. Reli inayotoka Ulaanbaatar kwenda mpaka wa China ilikamilika mwaka 1956 na ikawekewa uzio pande zote mbili ili mifugo isiingie, na kwa miongo mingi swala wanaohama kwa maelfu wamekuwa wakifika kwenye uzio huo, wakitembea kandokando yake, wasivuke. Katika majira ya baridi mizoga hupatikana imenasa kwenye waya. Kati ya reli hizi mbili, treni ni treni na chuma ni chuma. Tofauti iko katika uzio, na katika swali la nani alifikiriwa kabla ya tuta kujazwa.

Siku ya nne: Kati ya Nguruka na Usinge

Bodaboda alinishusha mahali ambapo njia ya ng'ombe inakutana na reli, na kutoka hapo nilitembea na mzee mmoja Msukuma, mfugaji, ambaye alikuwa akilijua daraja kwa jina lilelile la baba yangu. Nilimsalimu “Mwangaluka, baba,” akacheka kwa furaha na kuanza kunieleza njia kabla sijamaliza kuuliza.

Tulifika kabla ya saa nne. Daraja la Tembo lipo. Lina kuta mbili za mawe yaliyochongwa, chuma juu yake, na uwazi ambao futi yangu iliupima mita nne na sentimita ishirini kwenda juu na mita sita na nusu kwa upana. Tembo dume mkubwa hufikia mita tatu na kitu begani, kwa hiyo alikuwa akipita humo bila kuinamisha kichwa, ingawa twiga dume, ambaye huzidi mita tano, asingeweza. Kilichonigusa zaidi ni kuta zenyewe. Upande wa kulia, kwa urefu wa mabega ya mnyama mkubwa, mawe yalikuwa laini na yenye kung'aa kuliko mengine, kana kwamba yamesuguliwa kwa miaka mingi na kitu kizito chenye tope. Mzee aliweka kiganja hapo, nami nikaweka changu, na kwa muda hatukuzungumza.

Kisha nilichuchumaa kusoma ardhi. Palikuwa na kwato za ng'ombe na mbuzi, nyayo za watoto, alama za baiskeli, na nyayo za fisi mmoja aliyepita usiku ule. Hapakuwa na nyayo za tembo. Mzee alisema hajawaona hapo kwa miaka mingi, tangu mwanawe wa mwisho alipokuwa anaanza shule, na mwana huyo sasa ana watoto.

Mdomo wa kaskazini wa daraja uko wazi, na mbele yake kuna mbuga ya malisho, kisha vichaka. Mdomo wa kusini unaishia kwenye shamba. Hatua kama thelathini kutoka ukutani kuna boma la miiba, nyuma yake matuta ya mahindi yaliyovunwa, halafu tumbaku, halafu nyumba mbili. Mama mwenye shamba alitoka kutupokea, akatuletea maji na vigoda, na nilipomweleza nilichokuja kutafuta alisikiliza hadi mwisho.

“Mwanangu, mimi hapa nilipewa na kijiji, tena kwa maandishi,” alisema. “Nimefyeka mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba hapa palikuwa mlango wa mtu. Wangeniambia, ningeomba pale mbele. Ardhi ilikuwapo wakati ule.”

Sina neno la kumlaumu mama huyu. Kama kuna kosa, ni la wale waliogawa ardhi bila kuwauliza wazee wa gengi na wafugaji, ambao wangeweza kunyoosha kidole na kusema tembo wanapita hapa. Kanuni za shoroba za wanyamapori, zilizotungwa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, zinatoa njia ya kuutambua na kuulinda ushoroba. Lakini kanuni haijui palipo na daraja dogo lisilo na kibao, hadi mtu anayelijua aseme.

Tukiwa tumekaa kivulini, mzee aliuliza kama kweli mnyama wa porini anaweza kufundishwa kupita chini ya daraja lililojengwa na watu. Nilimweleza habari ya Mlima Kenya, ambako karibu na Nanyuki walichimba kivuko chini ya barabara kuu ili tembo wapite kati ya mlima na nyanda za chini. Kivuko kilipokamilika mwishoni mwa mwaka 2010, haikupita hata wiki kadhaa kabla ya tembo dume wa kwanza kukipita. Nilimweleza pia kwamba kilifaulu kwa sababu wenye mashamba pande zote mbili walikuwa wametenga ukanda mrefu wa ardhi na kuuzungushia uzio, hivyo tembo alipotokea upande wa pili hakukutana na mahindi ya mtu, bali na njia inayoendelea. Alitikisa kichwa kwa kukubali, akaangalia upande wa tumbaku.

Habari ya Tsavo nilimweleza kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofanana na yetu. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi mwaka 2017, ikapita katikati ya hifadhi za Tsavo juu ya tuta refu lenye uzio, na vivuko vikaachwa chini yake. Tembo waliofungwa kola za kufuatilia nyendo zao walionyesha kwamba baadhi yao walivitumia mapema, na wengine waligeuka na kurudi, au waliuvunja uzio. Pale tembo hakabiliwi na reli moja. Kuna barabara kuu, reli ya zamani na reli mpya, zote zikienda sambamba, na akifaulu ya kwanza bado zimebaki mbili. Hapa kwetu pia kuna barabara ya Tabora hadi Kigoma, reli ya baba yangu, na hii inayokuja. Uwazi wa reli mpya ukiwekwa kilomita tatu kutoka uwazi wa zamani, mnyama atatoka katika mlango mmoja na kukuta ukuta. Vivuko hivyo vinapaswa kutazamana, na mbele ya kila kimoja pawe na ardhi ambayo kijiji kimekubali isilimwe.

Siku ya tano: Kaliua

Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapotengana na Reli ya Kati na kuelekea kusini kuvuka mto Ugalla. Nililala kwa dereva mstaafu wa treni, rafiki wa marehemu baba, na mazungumzo yetu yalianza baada ya chakula cha jioni, mkewe akiwa amekaa nasi.

Alisema kwamba katika miaka yake yote alichoogopa zaidi ni kundi la nyati kwenye kona usiku. Taa ya kichwa cha treni huwaduwaza, na wakishaduwaa hawatoki. Treni ya mizigo iliyojaa haisimami kama pikipiki. Hata ikienda taratibu huhitaji mamia ya mita tangu breki ishikwe. Katika baadhi ya vipande alikuwa akipunguza mwendo bila kuamriwa na mtu, kwa kuwa alijua wanyama huvuka kati ya saa mbili usiku na alfajiri.

“Sisi tulikuwa na muda wa kuwaona, nao walikuwa na muda wa kutusikia,” alisema. “Hiyo mpya mnayoisema, itampa muda gani?”

Tulikaa tukapiga hesabu pamoja kwenye daftari langu. Treni iendayo kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kwa sekunde. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyosanifiwa kufikia kilomita 160 kwa saa, hukata zaidi ya mita 44. Ndiyo maana reli ya kisasa lazima iwe na uzio, na mimi siupingi uzio, kwa sababu bila huo abiria na wanyama wote wangekuwa hatarini. Ila uzio usio na mlango hugeuza reli kuwa ukuta wa mamia ya kilomita.

Mkewe alikumbusha habari ya mwaka 2024, muda mfupi baada ya treni ya umeme kuanza kwenda Dodoma, ambapo Shirika la Reli lilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu kwenye umeme wa njia. Watu wengi walicheka. Yeye hakucheka, nami pia sikucheka, kwa kuwa ngedere hutembea juu, kutoka tawi hadi tawi, na msitu ukikatwa katikati yeye hutafuta kitu kingine kirefu cha kupandia. Kamba imara zilizofungwa kati ya miti ya pande mbili, mbali na nyaya, zingempa njia yake.

Siku ya sita: Tabora

Niliingia Tabora mchana, joto likiwa kali na miembe ya mjini imeanza kuzaa. Jioni nilikaa mezani kwa mama na kuandika upya, kwa mwandiko unaosomeka, vipimo vya nyazi ishirini na mbili, yaani uwazi wa makalavati na madaraja, nilizozipima njiani: urefu wa kila moja, upana, hali ya sakafu, nyayo nilizozikuta, na kitu kilicho mbele ya kila mdomo, kama ni malisho, kichaka, shamba au nyumba. Katika hizo, zinazotosha mnyama mkubwa ni tatu tu, na kati ya tatu hizo ni moja tu ambayo pande zake zote mbili bado ziko wazi. Iko hatua chache mashariki ya Usinge, na hakuna mtu aliyewahi kuipa jina.

Nakala moja nimeipeleka posta kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho karibu na Daraja la Tembo, kwa sababu aliniambia kwamba mpango wao wa matumizi ya ardhi utajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya msimu wa kulima. Nakala ya pili nitaipeleka mwenyewe kwa wahandisi watakapokuja kupima. Yule mama mwenye shamba aliniomba nirudi siku ya mkutano, nisome mbele ya watu yale niliyoyaandika kuhusu mawe yaliyosuguliwa, na mzee mfugaji ameahidi kukaa karibu naye.